Klachi ya Seramiki kwa Jam ya Ruaka? Zii

Wasee, gari yangu imeanza kuniaibisha. Ni Subaru Impreza WRX ya buluu, ya mkono wa tatu, gia za mkono. Niko gia ya nne, nakanyaga mafuta, injini inapiga mayowe, mshale wa revu unapanda, lakini gari haiongezi kasi. Klachi imeisha.

Nilikuwa nishaamua nitaweka nini: ile ya mashindano, pleti yenye vipande sita vya seramiki badala ya duara nzima. Nimeiona kwa video nyingi sana. Nikampelekea fundi wangu picha. Huyu mzee ameshusha giaboksi za Subaru tangu kabla nizaliwe. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Kijana, unaishi wapi?" Nikamwambia Ruaka. Alicheka mpaka akaweka spana chini.

Nilikasirika, nikaenda kusoma nimprove kwamba hajui. Maze, nilirudi nimenyamaza.

Turudi nyuma miaka mia na kitu. Magari mengi ya miaka ya 1900 yalikuwa na klachi ya koni: koni ya chuma iliyovalishwa ngozi, inaingia ndani ya flaiwili kama kifuniko cha sufuria. Ngozi, kama ya kiatu. Ikikauka, inashika ghafla na gari inaruka kama mbuzi. Kwa hivyo dereva anaipaka mafuta ya mbarika ilainike. Akizidisha, inateleza, inabidi ainyunyizie unga wa udongo mkavu ndio ishike tena. Yaani unaenda harusi na chupa ya mafuta na mfuko wa udongo. Kushika ghafla ama kuteleza: hizo shida mbili ndizo kila klachi tangu hapo imejaribu kutatua, na ukipunguza moja mara nyingi unaiongeza nyingine.

Huko Uingereza kulikuwa na jamaa anaitwa Herbert Frood. Alianza biashara yake 1897 akitengeneza breki za mikokoteni ya farasi. Chukua herufi za jina lake, ongeza E, zichanganye, unapata Ferodo, lile jina unaona kwa maduka ya vipuri hadi leo. Bitana za breki na klachi zikaanza kutengenezwa kwa asbesto, kwa sababu haiungui. Klachi ya pleti moja kavu, kama hii yetu, ikawezekana na ikaenea. Si kila mtu alifuata. Bugatti Type 35 ya 1924, gari ya mashindano kweli kweli, ilikuwa na pleti nyingi za chuma zinazozunguka ndani ya mafuta.

Mwaka huohuo, 1924, mjini Rochdale, alikufa Nellie Kershaw, mwanamke wa miaka 33 aliyekuwa akisokota nyuzi za asbesto kiwandani. Vumbi lilimharibu mapafu. Daktari aliandika kisa chake kwa jarida la tiba. Uingereza ilipiga marufuku asbesto aina zote 1999. Hesabu mwenyewe: miaka 75. Hii sehemu video zetu za magari huiruka, na mimi pia ningeiruka.

Sasa kuja kwa Impreza. Colin McRae alishinda Safari Rally hapa Kenya mwaka wa 1997 akiendesha Impreza, na nadhani nusu ya wasee wenye Subaru mtaani wanaendesha hiyo picha, si gari. Mimi wa kwanza. Lakini ile gari ilikuwa na timu ya kiwanda, mafundi na vipuri vikiingoja njiani. Na McRae hakuwa anapanda Limuru Road saa kumi na mbili jioni nyuma ya matatu, mita mbili, simama, mita mbili, simama.

Seramiki hushika haraka na huvumilia joto kali, lakini haina ile nusunusu ya katikati. Ni imeshika ama haijashika. Ukijaribu kuibembeleza kwa mlima, gari inatetemeka na uso wa flaiwili unaliwa. Pleti ya kawaida yenye bitana pande zote mbili huanza polepole. Na kama injini yako haijaongezwa nguvu, haihitaji zaidi ya hiyo. Ukitaka ibebe torki zaidi kidogo, kuna presha pleti yenye springi kali, ila mguu wa kushoto ndio utalipa kwa jam.

Yangu haijaguswa. Turbo ni ile ilitoka nayo Japani. Kwani nilikuwa nataka kubeba nguvu ya nani?

Nikachukua ya kawaida, seti nzima na bering yake, kwa sababu kushusha giaboksi ni pesa ileile hata ukibadilisha pleti pekee. Kabla ya kulipa tulihakikisha bering inavutwa ama inasukumwa, maana WRX ziko za aina zote mbili na hazibadilishani. Flaiwili ikapelekwa kuchongwa. Sili ya nyuma ya kranki ilikuwa inatoa jasho, ikabadilishwa pia, la sivyo mafuta yangemwagikia pleti mpya.

Giaboksi iliposhuka, ndani kulikuwa na vumbi jeusi kila mahali. Kijana anayejifunza kazi hapo, rika langu, akachukua mpira wa hewa alipulize. Mzee akampigia kelele, "Wacha hiyo! Lete kitambaa, kiloweshe maji." Kijana akauliza kwa nini, si hizi siku hizi hazina asbesto? Mzee akamwambia, "Wewe umejuaje iliyokuwa humo ni ya mwaka gani na ilitoka wapi?"

Nikaenda kuloweka kitambaa mwenyewe.