Waliopanda Milima Kuwatafuta Wageni wa Angani

Alasiri ya Juni 24, 1947, Kenneth Arnold alikuwa akirusha ndege yake ndogo karibu na Mlima Rainier, katika jimbo la Washington nchini Marekani, alipoona vitu tisa vinavyong'aa vikipita kwa mstari mbele ya vilele vya theluji. Akatazama saa. Kutoka Rainier hadi Mlima Adams, umbali wa kilomita 80 hivi, vilitumia sekunde 102. Hakuna ndege ya siku hizo iliyokuwa na mbio za namna hiyo. Magazeti yakaviita visahani vinavyoruka, na kabla ya wiki nyingi kupita watu wa majimbo mengine walikuwa wakisimulia vya kwao.

Habari za visahani zimezoeleka kusimuliwa kwa hofu: siri za majeshi, uvamizi, watu waliotekwa usiku. Sambamba nazo kuna historia nyingine, ya watu waliopanda milima kwa hiari yao wakiamini kwamba walioko juu ni wema na wana neno la kheri kwa wanadamu. Kiu yao ni ya kale. Nabii Musa alipanda Sinai, na Mtume Muhammad alikuwa amejitenga katika pango la Hira pale wahyi ulipomshukia. Daraja za habari hizi hazilingani, na silengi kuzilinganisha. Ninachotaka kuuliza ni kile ambacho kila mgeni wa mlima anapaswa kuulizwa: alipanda kwa adabu gani, na aliposhuka aliwaletea nini wengine?

Kutoka Palomar hadi Devon

George Adamski aliishi kwenye mteremko wa Mlima Palomar, California. Juu yake kilikuwapo kituo cha wanasayansi wa nyota chenye darubini kubwa ya kioo cha mita tano, iliyozinduliwa mwaka 1948. Yeye alikuwa na darubini zake ndogo tu, akisaidia kazi katika mkahawa wa kando ya barabara na kuwafundisha wafuasi wake falsafa. Novemba 20, 1952, alidai kwamba alikutana jangwani na mtu mpole kutoka sayari ya Zuhura, aliyemwonya juu ya mabomu ya nyuklia. Kitabu alichokitoa pamoja na Desmond Leslie mwaka uliofuata kilisomwa sana. Picha zake zilipingwa vikali, na baadaye vyombo vya uchunguzi vilithibitisha kwamba joto la Zuhura linayeyusha risasi. Hata hivyo, hofu iliyobebwa na ujumbe ule ilikuwa ya kweli: Hiroshima ilikuwa imeteketezwa miaka saba tu nyuma.

Uingereza ilikuwa na George King, dereva wa teksi wa London aliyezama katika yoga. Alisema kwamba mwezi Mei 1954 alisikia sauti ikimwamuru ajiandae kuwa msemaji wa Bunge la Sayari. Mwaka 1955 akaanzisha Aetherius Society. Julai 23, 1958, alipanda Holdstone Down, kilima cha mita 349 kinachotazama bahari kaskazini mwa Devon, na kudai kwamba Yesu, aliyefika kwa chombo kutoka Zuhura, alimtokea hapo, na kwamba kupitia mwili wake kilima kilijazwa nguvu za kiroho. Kazi hiyo ya kuijaza milima nguvu iliendelea hadi Agosti 23, 1961. Orodha ya chama chake ina milima 19 mitakatifu: tisa ya Uingereza, Scotland na Wales, minne ya Marekani, miwili ya Australia, na mmoja mmoja New Zealand, Uswisi, Ufaransa na Tanzania.

Mahujaji wa chama hicho bado wanapanda. Wakifika juu husimama, wakainua viganja vikielekea mbele, wakasoma mantra na kuiombea dunia amani na uponyaji. Kwa imani yao, mlima ni ghala: mtu huchota nguvu zilizohifadhiwa humo na kuzituma kwa wasioweza kupanda. Anayeyakataa madai ya King yote bado anaweza kuuheshimu mwelekeo wa dua hiyo, kwa sababu anayeomba anatoa jasho lake kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Miongoni mwa milima hiyo umo Mlima Adams wa New Hampshire, usio ule aliouona Arnold, wenye mita 1,766 katika safu ya White Mountains. Katika safu hiyohiyo, usiku wa Septemba 19, 1961, walipita kwa gari Betty na Barney Hill, mke na mume waliokuwa wakirejea nyumbani. Mwaka 1964, wakiwa chini ya hipnozi mbele ya daktari wa akili Benjamin Simon, walisimulia jinsi walivyochukuliwa na viumbe wa angani na kupimwa miili bila ridhaa yao. Simulizi yao ikawa kielelezo cha habari nyingi za kutekwa zilizofuata. Safu moja ya milima, kipindi kimoja, na pande mbili zilizozungumza juu ya wageni wa mbinguni: wengine walibarikiwa, wengine waliingiwa na hofu ya kudumu. Naamini nia ya mtu anapokwenda mlimani hutangulia macho yake.

Shasta na wenyeji wake

Mlima Shasta, California, wenye mita 4,322, umewavuta watafutaji wengi. Hewa yenye unyevu inapoupanda hupoa, mvuke ukawa wingu la duara lililolala juu ya kilele, laini na lenye kingo zinazoonekana wazi. Upepo hupita ndani yake, lenyewe likabaki palepale. Anayeliona jioni, jua likilipaka rangi ya dhahabu, hahitaji kushawishiwa kwamba chombo kimetia nanga.

Lakini Shasta ulikuwa na simulizi kabla ya visahani. Kitabu cha Frederick Spencer Oliver, kilichochapishwa mwaka 1905, kiliwaweka ndani ya mlima huo watu wenye hekima ya siri. Guy Ballard alisema kwamba mwaka 1930, akiwa mteremkoni anataka kunywa maji ya chemchemi, kijana mmoja alimpa kinywaji kizito kama malai, kisha akajitambulisha kuwa Saint Germain, mwalimu wa kiroho. Ballard akaanzisha harakati iliyopata wafuasi wengi. Agosti 16 na 17, 1987, mwandishi José Argüelles alipotoa wito kwa watu wa dunia nzima kukusanyika katika sehemu takatifu na kuomba amani, maelfu walielekea Shasta.

Maji yale yalikuwa na wenyewe. Watu wa kabila la Winnemem Wintu wanaamini kwamba mababu zao walitokea katika chemchemi ya Panther Meadows, kwenye ubavu wa mlima huo. Bwawa la Shasta, lililokamilika mwaka 1945, lilizamisha vijiji na makaburi yao kando ya Mto McCloud, kwa hiyo chemchemi ikazidi kuwa na thamani kwao. Kisha wakaja wageni wenye nia njema: wakaoga humo, wakaacha vito, wakamwaga majivu ya maiti wao, wakakanyaga majani machanga ambayo katika baridi ile huchukua miaka mingi kuota tena. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walisahau tu kubisha hodi. Mwaka 1998 serikali ilipofuta kibali cha kujenga eneo la michezo ya theluji mlimani hapo, utakatifu wake kwa wenyeji ulikuwa mojawapo ya sababu.

Kilimanjaro katika orodha

Mlima wa Tanzania katika orodha ya King ni Kilimanjaro. Kwa Wachagga hapakuwa na jipya. Charles Dundas, katika kitabu chake cha mwaka 1924, alieleza jinsi upande wa kilele cha Kibo ulivyohesabiwa kuwa upande wa heshima na baraka, na jina la Ruwa, Mungu wao, lilitajwa kwenye miteremko ile vizazi vingi kabla ya taarifa yoyote kutoka Zuhura.

Mwaka 1961 ambao King alimaliza kazi yake, Tanganyika nayo iliweka nuru mlimani. Usiku wa kuamkia Desemba 9, Luteni Alexander Nyirenda aliwasha mwenge wa uhuru katika kilele cha Kibo, kutimiza ahadi ambayo Julius Nyerere aliitoa mwaka 1959: nuru hiyo ivuke mipaka, iwape matumaini waliokata tamaa. Mkono wa Nyirenda na viganja vya Holdstone Down havikujuana. Vyote viwili viliufanya mlima kuwa mahali pa kuwatolea wengine.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hiyo ndiyo mizani ninayoitumia kwa kila anayedai kukutana na nuru mlimani, iwe imetoka kwa Mungu, kwa nyota au kwa wingu lenye umbo la sahani. Sayansi ina haki ya kuuliza kilichoonekana ni nini, na itaendelea kuuliza. Sisi tunaoishi chini ya milima tuna haki ya kuuliza jambo lililo karibu zaidi: baada ya njozi, je, chemchemi ni safi, wazee wa mahali wameheshimiwa, mpagazi aliyebeba mzigo wa hujaji amelipwa ujira wa haki? Anayeweza kujibu ndiyo ameutendea mlima haki, hata kama hakuona chochote angani.