Sauti Kabla ya Herufi: Lugha ya Kuanzia Kusoma Uvira

Makala hii inatetea hoja moja: mtoto wa mjini Uvira afundishwe kusoma kwanza kwa Kiswahili anachokizungumza, kisha Kifaransa kijengwe juu ya msingi huo. Sheria haizuii. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakihesabu Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu Na. 14/004 ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia.

Kusoma ni kuunganisha alama na sauti, kisha sauti na maana. Katika Kiswahili herufi u ina sauti moja. Mtoto akishajua silabi u, vi na ra, anasoma jina la mji wake. Kifaransa huandika sauti hiyohiyo kwa herufi mbili, ou, na huipa u sauti ambayo Kiswahili hakina. Neno eau, yaani maji, lina herufi tatu na sauti moja, o. Mtoto ambaye hajawahi kulisikia hawezi kujisahihisha: hata akilitamka sawasawa, hajui kama amesoma au amebahatisha.

Ushahidi uko ng'ambo ya mto Ruzizi, nchini Burundi. Tathmini ya elimu iitwayo PASEC, ya mwaka 2014, ilihusisha nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Wanafunzi wa Burundi, waliopimwa kwa Kirundi, waliongoza katika lugha mwanzoni mwa shule ya msingi. Walipofika mwisho wa shule hiyo na kupimwa kwa Kifaransa, bado walikuwa juu ya wastani. Lugha ya nyumbani haikuwafungia njia ya Kifaransa.

Itasemwa kwamba karibu Warundi wote wana lugha moja, ilhali Uvira ina Kifuliiru, Kivira, Kibembe na nyinginezo. Ni kweli. Mahali ambapo mtoto hukutana na Kiswahili shuleni tu, kanuni hiihii inadai aanze na Kifuliiru chake. Ugumu mwingine umo ndani ya Kiswahili chenyewe: kitabu huandika mtoto na watoto, nyumbani husemwa mutoto na batoto. Mwalimu asilifute neno la nyumbani kama kosa. Aliandike ubaoni kando ya lile la kitabuni, na darasa litafute kilichobadilika. Hilo lenyewe ni somo la sauti na herufi.

Tangu Septemba 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa bure, wanafunzi wameongezeka, na mwalimu hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma. Sikio la nyumbani linahitajika zaidi. Mzazi asiyejua Kifaransa huona hana la kuchangia. Kiswahili humrudishia nafasi yake. Mama anayeuza ndagala anaweza kumwambia mwanawe amsomee majina katika daftari la madeni. Bibi anaweza kusimulia hadithi, mjukuu akaandika sentensi moja aliyoipenda.

Sheria imekwisha kufungua mlango. Wenye mamlaka wampe kila mtoto wa darasa la kwanza kitabu cha Kiswahili, na mwalimu wake wampe mafunzo ya kukitumia. Nasi wazazi, kila jioni, tuketi na mtoto tumsikilize akisoma.