Upinzani dhidi ya bima ya afya ya serikali: Chanzo chake na maana yake kwa wakazi wa Thika na Ruiru

THIKA na Ruiru ni miji inayotegemea viwanda. Maelfu ya wakazi wake huajiriwa katika viwanda vya mananasi, mafuta ya kupikia, nguo na ngozi, na ada ya bima ya afya hukatwa kwenye mishahara yao kabla haijafika mkononi. Wengine wengi, hasa katika mitaa kama Kiandutu mjini Thika na Githurai upande wa Ruiru, hawana mwajiri wa kuwakata chochote. Hao ni mafundi wa jua kali, wachuuzi, wahudumu wa bodaboda na vibarua.

Swali la jinsi makundi haya mawili yatakavyotibiwa kwa mfuko mmoja limezusha mabishano nchini kwa zaidi ya miaka 20.

Mwanzo wa safari

Mwaka 1965, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta iliondoa ada kwa wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za umma. Mwaka uliofuata iliundwa Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali, iliyofahamika kama NHIF, ambayo ilikusudiwa kwanza wafanyakazi wa mshahara. Ada za hospitali zilirudishwa mwaka 1989, katika enzi ya mageuzi ya kiuchumi yaliyohimizwa na wafadhili. Tangu hapo, mgonjwa asiye na fedha alilazimika kuuza mbuzi, kuchangisha jamaa au kukaa nyumbani na maradhi yake.

Mswada wa Ngilu

Serikali ya Narc ilipoingia madarakani, Waziri wa Afya, Bi Charity Ngilu, alipendekeza hazina mpya ambayo ingemhudumia kila Mkenya, awe amelazwa au la. Wenye mishahara na waajiri wangechanga, nayo serikali ingewalipia maskini. Bunge liliupitisha mswada huo Desemba 2004.

Upinzani ulikuwa mkali. Waajiri walisema ada mpya ingepandisha gharama ya kazi, hoja iliyokuwa na uzito kwa miji ya viwanda. Wakati huo viwanda vya nguo nchini vilikuwa vikijiandaa kwa ushindani mkubwa kutoka Asia, kwa kuwa mgao wa biashara ya nguo duniani ungekoma Januari 2005. Kampuni za bima za kibinafsi nazo ziliona zitapokonywa wateja, huku Wizara ya Fedha ikihofia mzigo ambao serikali isingeweza kuubeba. Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi mswada huo, nao haukuwahi kuwa sheria.

Hoja za wahafidhina

Upinzani wa namna hii si wa Kenya pekee. Nchini Uingereza, chama cha madaktari kilipinga vikali mpango wa Waziri Aneurin Bevan kabla ya huduma ya taifa ya afya kuanza Julai 1948. Nchini Marekani, wabunge wa chama cha Republican walipiga kura dhidi ya sheria ya afya ya Rais Barack Obama mwaka 2010. Hata hivyo, bima ya lazima ya wafanyakazi ilianzishwa Ujerumani mwaka 1883 na Otto von Bismarck, kiongozi mhafidhina aliyetaka kuwavuta wafanyakazi kutoka kwa wasoshalisti.

Kwa jumla, wapinzani hushikilia mambo matatu: kwamba mtu aachiwe hiari ya kuchagua bima yake, kwamba kodi isiue ajira, na kwamba serikali si mtunzaji mwema wa fedha za watu. Nchini Kenya, hoja ya tatu ndiyo iliyopata mashiko zaidi. Mwaka 2012, Bunge lilichunguza madai kwamba NHIF ililipa mamilioni kwa zahanati hewa.

Sheria mpya

Oktoba 2023, Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoivunja NHIF na kuunda Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Julai 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo ilikiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ya Rufaa ilisitisha uamuzi huo Septemba, na mpango ukaanza Oktoba 1, 2024.

Ada sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu. Mfanyakazi wa kiwanda apataye Sh20,000 kwa mwezi alikatwa Sh750 chini ya NHIF. Sasa hukatwa Sh550. Meneja wake apataye Sh200,000 alikatwa Sh1,700. Sasa hukatwa Sh5,500. Kwa hiyo, si kweli kwamba kila mwenye mshahara ameumizwa.

Ugumu uko kwa mchuuzi wa Githurai. Chini ya NHIF alilipa Sh500 kwa mwezi. Sasa mapato ya jamaa yake hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba, maji na mali, naye hutakiwa kulipa ada ya mwaka mzima kwa pamoja. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, yaani Sh3,600 kwa mwaka, fedha ambazo si rahisi kwa mtu anayepata riziki ya siku kwa siku.

Je, hofu ilikuwa na msingi?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Agosti 2025, Wizara ya Afya ilisimamisha makumi ya vituo vya afya kwa madai ya ulaghai dhidi ya SHA. Na mwaka huo huo madaktari wa Kaunti ya Kiambu, inayosimamia hospitali za umma za Thika na Ruiru, waligoma kwa takriban miezi mitano. Mkazi aliyekuwa amelipa ada yake yote hakuwa na hakika ya kumkuta daktari.

Lakini kushindwa kwa mswada wa 2004 nako kulikuwa na gharama. Waliouzuia hawakuleta mpango mwingine wa kumtibu maskini, na kwa miaka 20 iliyofuata familia nyingi ziliendelea kuchangisha harambee za matibabu na mazishi. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Wanaotetea bima ya serikali wana wajibu wa kuonyesha wazi fedha zinavyotumika. Nao wanaoipinga wana wajibu wa kueleza jinsi haki hiyo itakavyomfikia kibarua wa Kiandutu bila bima hiyo.