Nani Anachukuana na Samaki Beta?

Madume wawili wa beta wakitiwa katika tangi moja, hawakawii kuanza. Kila mmoja hutanua vifuniko vya mashavu mpaka utando mweusi ulio chini yake, ambao wafugaji huuita ndevu, unajitokeza wote. Hukunjua mapezi, hujigeuza ubavu ili aonekane mkubwa, kisha humvamia mpinzani na kunyofoa mapezi yake. Huachana kidogo tu, kila mmoja akipanda juu kuvuta hewa, halafu hurudiana. Wathai humwita pla kat, yaani samaki mng'ataji, na jina hilo wamelitoa watu wanaomjua. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 unaonyesha kwamba samaki huyu alianza kufugwa angalau miaka 1000 iliyopita, na mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Jina lake la kisayansi, Betta splendens, alipewa na Charles Tate Regan mwaka 1910.

Kila anayenunua beta huishia kuuliza swali lilelile: je, anaweza kukaa na samaki wengine? Kwa Kiingereza swali hilo lina istilahi mbili zilizozoeleka: moja ya samaki anayewekwa pamoja na mwingine, na moja ya ile sifa inayowafanya wakae bila madhara. Kwa Kiswahili, tafsiri iliyo karibu na mkono ni "mwenza wa tangi" na "upatanifu". Zote mbili zinaeleweka. Lakini zinampeleka mfugaji mahali pasipofaa, na katika kazi hii anayelipia kosa hilo ni samaki.

Tuanze na mwenza. Tunaye mgombea mwenza, tunaye mwenyekiti mwenza, na siku hizi mume au mke huitwa mwenza pia. Katika matumizi yote hayo, wawili wanashirikiana jambo: kura, kikao, nyumba. Mke mwenza naye anashirikiana na mwenzake mume, na kila mtu anajua ushirika huo unavyoweza kuwa mchungu. Beta hana jambo la kushirikiana na samaki mwingine. Hatembei kwa kundi, hawindi kwa kundi, wala hapati upweke kwa kukaa peke yake. Katika majaruba ya mpunga na madimbwi ya katikati ya Thailand, dume hushika kipande chake cha maji kwenye majani na kumfukuza anayekaribia. Ukimwambia mnunuzi kwamba samaki wake anahitaji mwenza, umeshampa picha ya samaki mwenye huzuni anayesubiri rafiki, naye atakwenda kumnunua huyo rafiki.

Neno linalofaa zaidi ni jirani. Jirani ana mlango wake na mipaka yake. Unaweza kuishi naye miaka bila kula naye, ilimradi hakuna anayeingia kwa mwenziwe. Hivyo ndivyo tangi lenye beta linavyofanya kazi linapofanya kazi vizuri.

Kuhusu upatanifu, neno hilo limekwisha kupata kazi katika kompyuta, ambako tunasema programu fulani ni patanifu na mfumo fulani, na huko halina ubaya. Kwa viumbe hai hali ni tofauti, kwa sababu mzizi wake ni kupatana, na watu hupatana baada ya kuzungumza: hupatana bei sokoni, hupatana baada ya ugomvi. Ndani ya neno hilo kuna tumaini la suluhu. Mfugaji anayeona beta akimkimbiza samaki mwingine siku ya kwanza, hujiambia kwamba watazoeana na mwisho watapatana. Mara nyingi asubuhi humkuta mmoja amelala ubavu chini ya majani, mkia umebaki miiba mitupu.

Kiswahili kina kitenzi kingine ambacho hakijatumiwa vya kutosha kwa kazi hii: kuchukuana. Husemwa kwamba rangi hizi zinachukuana, au kwamba fulani na fulani hawachukuani. Ndani yake mna mambo mawili kwa pamoja: kulingana kwa vitu vilivyowekwa mahali pamoja, na kubebana, yaani kila mmoja kuuhimili uwepo wa mwingine bila kudhurika. Hakidai urafiki wala hakiahidi kwamba mambo yatatengemaa baadaye. Nomino yake inaweza kuwa uchukuano, kwa mpangilio uleule uliotupa ufanano kutokana na fanana, na utengano kutokana na tengana. Basi jirani wa tangi ni kiumbe anayewekwa katika maji yaleyale na mwingine, na uchukuano ni hali ya viumbe hao kuishi katika maji hayo bila mmoja kumjeruhi, kumnyima chakula au kumtia hofu mwenzake.

Maji ndiyo ya kwanza kutazamwa, kwa sababu yanaweza kuua hata pale ambapo tabia zinaafikiana kabisa. Beta anataka maji ya nyuzi 25 hadi 28 za Selsiasi. Samaki wa dhahabu, anayeuzwa karibu kila duka la samaki wa mapambo, hustawi katika maji ya baridi zaidi, ya nyuzi 18 hadi 22, na huchafua maji kwa kasi. Hao wawili hawachukuani hata kama hawatagusana maisha yao yote. Vivyo hivyo kwa samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, jamaa wa mbali wa sato na perege, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakisafirishwa kutoka Kigoma na Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Maji ya ziwa hilo yana madini mengi na pH inayokaribia 9, ilhali beta hutoka kwenye maji laini na hupendelea pH iliyo karibu na 7. Juu ya hayo, wengi wa samaki hao ni walinzi wakali wa miamba na makombe yao. Mfugaji wa Kigoma anayeishi hatua chache kutoka ufukweni ana hazina ya samaki wa kupendeza mno, ila hazina hiyo inahitaji tangi lake lenyewe.

Mahali unapoishi napo panaingia katika hesabu. Jijini Dar es Salaam, kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya tangi hujipasha yenyewe. Jijini Nairobi au mjini Njombe mwezi Julai, tangi lisilo na hita hushuka chini ya nyuzi 20 usiku, na beta hulegea, huacha kula na kukaa chini akiwa ameyakunja mapezi. Jirani aliyekuwa akiogopa kumsogelea sasa humsogelea. Kwa hiyo uchukuano hubadilika pamoja na kipimajoto.

Baada ya maji huja sura, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, maana duka zima linang'aa na kila samaki anavutia. Beta dume humtambua mpinzani kwa macho: rangi kali, mapezi marefu, umbo linalofanana na lake. Gapi dume, samaki mdogo mpole mwenye mkia mpana wa rangi nyingi, ana karibu kila alama inayomchokoza. Hajafanya kosa lolote, ila amevaa mavazi ya adui. Gurami ni wa familia moja na beta, na ujamaa huo unaongeza hatari. Kwetu pia wapo wanaoingia katika fungu hili: Nothobranchius guentheri, samaki mdogo wa madimbwi ya msimu wa Unguja, ambaye dume wake ana mkia mwekundu unaowaka na hana subira na madume wengine. Kumweka na beta ni kuwakutanisha wagomvi wawili wasiojuana.

Upande wa pili wa sura ni samaki ambao beta ndiye anayewachokoza wao. Puntigrus tetrazona wa Sumatra, mwenye milia minne myeusi, ni mwepesi, hatulii, na ana tabia ya kudonoa mapezi marefu yanayopepea. Beta wa kufugwa, aliyezalishwa kwa vizazi vingi ili awe na mkia kama kanga iliyotandazwa, ni mzito majini na hawezi kukimbia. Mkali wa hadithi hii si lazima awe beta.

Sasa waliobaki ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Tangi lina tabaka tatu: juu, katikati na chini. Beta ni wa juu, na sababu imo ndani ya kichwa chake. Juu ya matamvua ana kiungo chenye mikunjomikunjo kinachofyonza oksijeni moja kwa moja kutoka hewani, hivyo hupanda mara kwa mara kuvuta pumzi. Wasomaji wa kwetu hawatashangaa, kwani kambare na kamongo nao huvuta hewa, kila mmoja kwa kiungo cha namna yake. Jirani anayefaa zaidi, basi, ni yule ambaye maisha yake yako chini. Kambare wadogo wa Amerika Kusini wa jenasi ya Corydoras hufukua mchanga siku nzima kwa sharubu zao, wana rangi za kiasi, na mbavu zao zimefunikwa kwa mabamba magumu ya mfupa. Wao hupenda kundi la sita au zaidi. Mara mojamoja mmoja wao hupaa juu kama mshale, humeza hewa ambayo itafyonzwa na utumbo wake, na kurudi chini kabla beta hajageuza kichwa. Wengi wao hupendelea maji ya nyuzi 22 hadi 26, kwa hiyo mfugaji wa pwani afadhali atafute Corydoras sterbai, anayevumilia joto zaidi.

Katikati ya tangi kuna nafasi ya Trigonostigma heteromorpha wa Malaysia na Sumatra, mwenye pembetatu nyeusi ubavuni, anayetembea kwa kundi lenye utulivu na mapezi mafupi. Konokono wa jamii ya nerite hula ukungu wa kijani kwenye kioo, na gamba lake linamtosha kwa ulinzi. Uduvi wanataka tahadhari zaidi. Uduvi wa Amano, aliyepewa jina la Takashi Amano, Mjapani aliyebadilisha sanaa ya kupanda bustani ndani ya matangi, hufikia sentimita 5 na mara nyingi husalimika. Uduvi mwekundu mdogo, Neocaridina davidi, na hasa watoto wake, beta huwahesabu kuwa chakula, na hana kosa. Kanuni ya mdomo ni fupi: anayeenea mdomoni ataliwa.

Orodha za dukani zenye alama ya ndiyo na hapana zinakosa jambo moja kubwa. Uchukuano si sifa ya samaki mmoja. Ni ya viumbe wote waliomo pamoja na chombo kilichowabeba. Porini, ugomvi wa madume huisha haraka kwa sababu anayeshindwa hukimbia akapotea majanini. Ndani ya kioo hakuna pa kukimbilia. Beta mmoja anatosheka na lita 20. Akiwa na majirani, lita 40 ndizo za kuanzia, na 60 ni bora, tena tangi refu kwa upana kuliko kimo, lenye mimea minene, vipande vya mti na vyungu vya kujificha. Kundi lilelile la samaki linaloishi kwa amani katika lita 60 zenye mimea linaweza kuangamizana katika lita 25 zilizo tupu. Hulka ya mmojammoja nayo hutofautiana sana: yupo beta anayempuuza konokono, na yupo anayemng'oa macho konokono mkubwa kila anapotoa kichwa.

Kila jirani pia huongeza uchafu. Kwa kuwa beta anavuta hewa, wauzaji wengi humweka katika kikombe kidogo, na watu wakadhani maji machafu hayamdhuru. Amonia huchoma matamvua na ngozi yake kama ya samaki mwingine yeyote. Bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua wiki 4 hadi 6 kukaa sawasawa katika chujio jipya. Kuleta majirani sita wiki ya kwanza ni kuwatia wote kwenye sumu.

Majike nao wanahitaji neno. Wapo wafugaji wanaoweka majike kadhaa pamoja na kuliita kundi hilo kwa majina ya kidugu. Kinachotokea ni mpangilio wa ubabe, na wa mwisho katika mpangilio huo huonewa kila siku, mara nyingi mpaka kufa. Dume na jike hukutanishwa kwa kuzaliana tu. Dume hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, huyakusanya mayai kwa mdomo na kuyaweka kiotani, kisha humfukuza jike kwa ukali. Mfugaji anayejua kazi humtoa jike saa hiyohiyo.

Anayeamua kujaribu majirani huwaweka kwanza katika chombo cha karantini kwa wiki 2 hadi 4, halafu huwatia tangini kabla ya beta, ili wakati beta anapoingia akute mahali pana wenyewe, asijione kuwa yeye ndiye mwenye eneo lote. Taa huzimwa siku hiyo. Wiki mbili zinazofuata ni za kutazama mapezi yaliyochanika, anayejibanza pembeni nyuma ya chujio, anayeshindwa kufika kwenye chakula. Beta anayetanua mashavu mara moja na kuendelea na safari yake ametoa onyo tu. Anayemfuata yuleyule kutoka kona hadi kona amekataa. Kwa hiyo ndoo safi ya lita 20, yenye hita na chujio lake dogo, iwe tayari kabla jirani wa kwanza hajanunuliwa. Beta akikataa wote, tangi lake lenye mimea na konokono mmoja, au bila konokono, limekamilika.