China na historia ya kuzipa kampuni alama

Mwaka 2008 watoto wachanga 6 walifariki dunia nchini China na wengine wapatao 300,000 wakaugua. Maziwa yao ya unga yalitiwa melamini, kemikali ya viwandani, ili maziwa yaliyoongezwa maji yaonekane yana protini ya kutosha. Kampuni ya Sanlu, iliyokuwa kiini cha kashfa hiyo, ilikuwa na msamaha wa serikali wa kutokaguliwa, uliotolewa kwa sifa ya ubora. Septemba mwaka huo misamaha hiyo ilifutwa.

Hoja ya kupima uaminifu wa wafanyabiashara haikuanzia hapo. Jiang Zemin, kiongozi wa China wakati huo, aliigusia katika mkutano mkuu wa Chama cha Kikomunisti mwaka 2002, wakati bidhaa bandia na madeni sugu vikilitesa soko. Lakini ni Juni 2014 ndipo serikali ilipotoa mpango kamili, wa hadi 2020. Mwaka 2015 kampuni zilianza kupewa namba moja ya tarakimu 18, ili kumbukumbu za kodi, forodha na mahakama zisomeke pamoja.

Wengi nje ya China hudhani ipo alama moja ya taifa zima. Haipo, kila idara ina kipimo chake. Kwenye kodi, kampuni yenye alama 90 na zaidi hupata daraja A na kurahisishiwa mambo. Iliyo chini ya 40 huangukia D: hubanwa kwenye ankara na kukaguliwa mara kwa mara. Anayebeba lawama ya kampuni hiyo akifungua nyingine, nayo hupewa D.

Kosa linalonaswa na idara moja huadhibiwa na nyingine pia. Anayekaidi amri ya mahakama ya kulipa deni anaweza kukosa zabuni, mkopo, hata tiketi ya ndege.

Mwaka 2018 upimaji huo wa uaminifu ulivuka mpaka wa biashara. Mamlaka ya usafiri wa anga ya China iliyaandikia mashirika 36 ya ndege ya kigeni yaondoe maneno yanayoitaja Taiwan kama nchi, la sivyo yangewekewa rekodi mbaya. Marekani ilipinga, lakini mengi yalitii.

Desemba 2020 serikali yenyewe iliagiza kwamba orodha za wakosaji zifuate sheria, na aliyejirekebisha asafishiwe rekodi. Agizo hilo lilistahili kutangulia alama zenyewe. Nchi inayotaka kuiga China ianze na sheria iliyo wazi na haki ya kukata rufaa.