Kila uchaguzi na swali lake: "Uko wa wapi?"



Katika kikao chetu hapa Base, mama mmoja aliyefukuzwa Angola alituuliza: "Nilizaliwa Congo, nimerudia Congo. Juu ya nini uchaguzi ikikaribia, banaanza tena kuniuliza niko wa wapi?" Hatukuwa na jibu fupi. Tulimuahidi kuandika, na jibu lenyewe linaanzia mbali, kabla ya Angola kuingia katika mambo haya.

Linaanzia kwenye treni. Reli ya B.C.K. ilifika Ilebo, zamani Port-Francqui, mwaka 1928, ikapita hapa Kamina. Migodi ya Katanga ilihitaji mikono, na wakubwa wa kazi walienda kuitafuta Kasai. Watu walikuja, wakajenga, wakazaa. Kwa miaka mingi hakuna aliyeona ubaya. Halafu Desemba 1957 Wabelgiji wakaruhusu Waafrika wa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) kupiga kura ya komini kwa mara ya kwanza, na wengi wa waliochukua viti vya burugumesta walikuwa watu waliotoka nje ya Katanga. Mwaka haukwisha sana, chama cha Conakat kikazaliwa, 1958, na akina Godefroid Munongo na Moïse Tshombe. Kati ya mambo kilichodai, moja lilikuwa kupunguza watu wanaoingia kutoka Kasai. Angalieni vizuri: mtu aliyeitwa mgeni hakutoka inchi nyingine. Alipanda treni akashuka stesheni nyingine ya inchi ileile.

Mei 1960 kura ya jimbo ilitoa Conakat viti 25, na Cartel, pamoja na Balubakat ya Jason Sendwe, viti 23, juu ya viti 60. Katikati ya Juni Ubelgiji ukabadilisha sheria ili Conakat iweze kuunda serikali ya jimbo peke yake. Tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza Katanga kuwa inchi. Basi mpaka uliokuwa maneno ya mikutano ukawa mpaka wa bunduki, na kaskazini, upande wetu, Wabalubakat wakaukataa.

Base hii tunayokaa iliingia katika mambo hayo. Mkataba wa urafiki wa tarehe 29 Juni 1960 ulisema Ubelgiji utabaki na Kamina na Kitona. Mkataba haukupitishwa na bunge hata siku moja, na mwaka uleule ONU ikashika Base. Mwaka uliofuata Wabaluba kwa makumi ya maelfu walikimbilia kambi ya ONU kule Elisabethville. 1962 wakarudishwa Kasai na kaskazini ya Katanga. Kabla neno "retourné" halijaandikwa kwenye fomu zetu za ONG, wazee wetu walikuwa wameishalivaa.

Mwaka 1992 wengi wenu munaukumbuka bila sisi kuwaambia. Agosti, Konferensi ya Taifa ilimpigia Étienne Tshisekedi kura ya kuwa waziri wa kwanza, mahali pa Nguz Karl-i-Bond. Kwa siasa ya Kinshasa ilikuwa kubadilisha mtu mmoja. Katanga, chini ya gavana Kyungu wa Kumwanza na vijana wa UFERI, ikawa sababu ya kufukuza majirani. Kwenye mikutano Wakasai waliitwa bilulu, wadudu. Kuanzia Likasi, halafu Kolwezi mwaka 1993, watu walilala stesheni kwa miezi wakingoja mabehewa, wengine wakafa hapo kwa magonjwa na njaa. Treni zile zilipita Kamina kwenda Mwene-Ditu. Kati ya wanachama wetu kuna aliyekuwa mtoto ndani ya behewa, na kuna aliyekuwa amesimama kando ya reli akiangalia. Leo wanakaa benchi moja, na hawaongelei sana siku ile.

Sasa 2018. Tarehe 25 Septemba Angola ilianza Operação Transparência katika Lunda Norte, juu ya almasi na wageni wasio na karatasi. Serikali ya Angola yenyewe ilihesabu zaidi ya watu 380,000 waliotoka, na wengi sana walikuwa Wakongomani waliovukia Kamako, Kasai. Hatusemi inchi haina haki ya kulinda mpaka wake. Almasi ni yao. Lakini waliorudi Oktoba walikuta kuandikisha wapiga kura kumefungwa tangu 31 Januari, na uchaguzi ni Desemba. Kwetu karte ya mpiga kura ndiyo kitambulisho. Asiyekuwa nayo hakukosa kura tu: kila kizuizi cha barabarani kwake kilikuwa mpaka mwingine. Mwaka uleule, tarehe 3 Agosti, Moïse Katumbi alizuiwa Kasumbalesa, upande wa Zambia, alipotaka kuingia kuweka kandidatire yake, siku tano kabla ya kufungwa. Tajiri na maskini, mlango mmoja. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na maavoka.

Halafu ikaja "sheria ya Tshiani", iliyowekwa bungeni 2021 na kurudishwa 2023, mwaka wa uchaguzi: rais awe na baba na mama wote Wakongomani. Baba ya Katumbi alikuwa Myahudi kutoka Ugiriki, basi kila mtu alijua nani analengwa. Haikupitishwa, na Katumbi aligombea. Lakini swali lilishuka chini, likafika mpaka kwenye foleni za kuandikishwa, kwa watoto waliozaliwa Lunda na mama Mkongomani. Kwa sheria ya 2004, mtoto wa mama Mkongomani ni Mkongomani. Shida ni kuonyesha.

Ndiyo sababu tunawasumbua wafadhili juu ya karatasi kuliko juu ya mabati. Mtoto asiyeandikwa ndani ya siku 90 anahitaji hukumu ya korti, na hukumu ina gharama. Uchaguzi unaofuata ni 2028. Tukingoja 2028 tutakuwa tumechelewa, kama Oktoba ile.

Na kuna jambo hatukupenda kuliandika. Katika kikao kilekile, baada ya mama kusema, mmoja wetu alilalamika juu ya vijana wanaoshuka treni ya Mwene-Ditu "kutujazia mji". Watu walicheka kidogo. Mama wa Angola hakucheka. Aliuliza kama vijana hao wana karatasi, na kama wanaweza kuja siku ya Alhamisi, tunapoandika majina.