Kungoja Barua ya Chuo: Historia Fupi ya Wahandisi Wetu

Kila ifikapo Februari na Machi, ukimya wa aina yake huingia katika nyumba zetu za ughaibuni. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza ya uhandisi ameomba uzamili katika vyuo vitano au sita, ada za maombi zimelipwa, walimu wake wamepeleka barua za mapendekezo, na sasa hana la kufanya ila kufungua barua pepe asubuhi, adhuhuri na usiku. Mama mtu ameacha kuuliza. Baba mtu anauliza kila siku. Huku Hatta, mji mdogo wa milimani ulio kiasi cha kilomita 130 kutoka Dubai mjini, hali ni hiyo hiyo. Sisi wahandisi wa rika la miaka hamsini na ushei huombwa na wazazi wenzetu tuseme na vijana. Tunayo ya kusema, na mengi yake ni historia.

Hatta yenyewe si ngeni kwa historia yetu. Zamani uliitwa Hajarain, ukiwa chini ya Oman, na katika karne ya 19 ukaingia mikononi mwa watawala wa Dubai. Masimulizi ya mji huu yanamtaja Sultan Turki bin Said wa Maskati, ndugu yake Sayyid Barghash aliyetawala Unguja. Kwa hiyo, Mswahili anayepita chini ya minara ya Hatta hayuko mbali na kwao kama anavyodhani. Mashamba ya mitende ya huku yalinyweshwa kwa falaj, yaani mifereji ya maji kutoka mlimani, na maji ya falaj hugawanywa kwa zamu. Mwenye shamba anangoja, lakini anaijua saa yake. Anayengoja chuo hajui saa yake ni ipi, wala hajui kama anayo. Hapo ndipo penye uchungu.

Basi tuangalie wazee wetu walingojaje. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Ilipopandishwa mwaka 1949 kuwa chuo kikuu kishiriki cha London, shahada ya uhandisi haikuwemo. Ufundi uliozaa shule ndio uliobaki nje. Mlango ulifunguliwa Nairobi, ambako Royal Technical College ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1956. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963 kazi ziligawanywa: udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi. Kijana wa Tanga, wa Mbale au wa Unguja aliyetaka kujenga madaraja alikuwa na mlango mmoja kwa eneo lote hilo. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Tanganyika ilipopata uhuru ilikuwa na wahandisi wawili tu na madaktari 12. Je, tuseme watoto wengine wote wa nchi nzima hawakuwa na akili ya hesabu? Akili ilikuwepo. Viti havikuwepo.

Waliotaka kwenda mbali walikutana na kikwazo kingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijana wengi wa Kenya walikuwa tayari wamepata nafasi katika vyuo vya Marekani, tena wengine na ufadhili wa masomo, lakini hawakuwa na nauli. Barua ya kukubaliwa ilikuwa mkononi, na bado walikuwa wanangoja. Tom Mboya alizunguka Marekani kuchangisha, na Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mfuko wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na kufikia mwaka 1963 karibu vijana 800 walikuwa wamevuka. Wakoloni wa Kiingereza walikuwa wakizidharau shahada za Marekani. Wenyewe hawakujibu kwa maneno. Walirudi wakafanya kazi.

Wengine walipata njia kupitia ugomvi wa wakubwa. Moscow ilifungua mwaka 1960 chuo kilichopewa jina la Patrice Lumumba, mahususi kwa wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Kijana wa Kizanzibari angeweza kujikuta Cairo, Moscow au Beijing kwa kutegemea chama alichokuwamo mjomba wake. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, na familia zikatawanyika hadi huku Ghuba. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970, wenye elimu kutoka Unguja na Mrima waliitwa Oman kujenga nchi. Hata huko, chuo kikuu cha nyumbani chenye kitivo cha uhandisi, yaani Sultan Qaboos, hakikufunguliwa mpaka mwaka 1986. Huku Emirati, Chuo Kikuu cha Umoja wa Falme za Kiarabu, kilichoko Al Ain, kilitangulia kidogo, mwaka 1976.

Tanzania ilifungua Kitivo cha Uhandisi Dar es Salaam mwaka 1973. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, mbali na ule muda wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kaka zetu, kwa hiyo, walingojeshwa kwa mpango wa taifa. Na aliyetazama Uingereza akapata pigo jingine mwaka 1980, serikali ya huko ilipoanza kuwatoza wanafunzi wageni ada kamili. Kuanzia hapo, kukubaliwa na kusoma yakawa mambo mawili tofauti.

Sisi tuliomaliza shahada ya kwanza katikati ya miaka ya 1990 tuliyakuta hayo yote, tukaongeza na yetu. Ada ya maombi ililipwa kwa hundi ya benki ya dola, na dola zilikuwa za kutafutwa. Barua za mapendekezo zilifungwa, kisha mwalimu akatia saini juu ya gundi ya bahasha. Anwani ilikuwa sanduku la posta, mara nyingi la kazini kwa mjomba, na Dubai nako ilikuwa vivyo hivyo: barua haikuja mlangoni. Tulijifunza kuzipima bahasha kwa vidole. Nyembamba ilikuwa na ukurasa mmoja wa kusikitika; nene ilikuwa na fomu za viza. Lakini ilikuwepo faida moja ambayo hatukuitambua wakati ule. Barua ilipita mikononi mwa watu. Karani aliiona, mjomba aliibeba, baraza zima liliisoma. Ikiwa ni ya kukataliwa, uliambiwa pole na watu kumi. Leo kijana anaipata saa nane za usiku kwenye simu, peke yake, na kesho anakaa mezani kama hakuna kilichotokea.

Kwa nini majibu yanachelewa? Tuwaeleze vijana jinsi mtambo unavyofanya kazi. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba au Januari, kamati za walimu zikasoma majalada mpaka Machi. Katika uhandisi, hasa uzamivu, mwanafunzi mara nyingi hulipwa kutokana na ruzuku ya utafiti ya profesa. Profesa asiyejua kama ruzuku yake itafika hawezi kuahidi kiti, hata jalada likiwa zuri namna gani. Vyuo vingi vinafuata makubaliano ya tarehe 15 Aprili: aliyepewa nafasi na ufadhili halazimishwi kujibu kabla ya siku hiyo. Anayeshika nafasi nne mpaka siku ya mwisho anawakalia wenziwe watatu walio kwenye orodha ya kusubiri. Kwa hiyo ukimya wa Machi hauna maana ya kukataliwa, na kijana mwenye nafasi mbili afanye hisani ya kuachia moja mapema.

Hesabu hiyo hugeuka pia kwa mambo yasiyomhusu mwombaji kabisa. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilikata ruzuku nyingi za utafiti, na vyuo kadhaa vikapunguza nafasi za masomo ya juu. Mwaka huo huo, mwishoni mwa Mei, balozi zake zilisimamisha kwa wiki kadhaa kutoa miadi mipya ya usaili wa viza za wanafunzi. Alama za kijana wetu hazikubadilika hata nukta moja. Kilichobadilika ni idadi ya viti, kama ilivyokuwa mwaka 1956 na mwaka 1980.

Kwa familia za Ghuba kuna saa nyingine inayogonga, nayo ni ya ukaazi. Tangu Oktoba 2022, mzazi huku Emirati anaweza kumdhamini mwanawe wa kiume asiyeoa mpaka afike miaka 25. Awali ilikuwa miaka 18. Ni nafuu kubwa, lakini nafuu yenye mwisho. Kijana aliyezaliwa Dubai, asiye na uraia wa hapa, aliyeiona Unguja au Mombasa wakati wa likizo tu, anapongoja chuo anangoja pia kujua atakaa nchi gani. Wazazi tusilichukulie jambo hili kama uvivu wa kutafuta kazi.

Wazee walisema subira yavuta heri, nasi hatuwapingi. Lakini mhandisi hujiuliza subira hiyo imehifadhi nini. Hapa hapa Hatta, kwa mkataba wa ujenzi wa mwaka 2019, umejengwa mradi wa umeme wa megawati 250. Umeme wa jua unapozidi, maji ya bwawa la chini husukumwa kupanda bwawa la juu. Unapohitajika, yanashushwa kupitia mitambo na kutoa umeme kwa saa sita. Kwa makadirio ya mradi, karibu asilimia 80 ya nguvu hurudi. Zinazobaki hupotea, na hakuna ufundi wa kuzirudisha zote. Ndivyo kungoja kulivyo. Kuna kinachopotea, na tusiwadanganye vijana kwamba hakuna. Lakini asiyepandisha maji mchana hana cha kushusha usiku. Miezi hii mitatu kijana ajifunze programu moja ya usanifu, amsaidie fundi kwenye mradi, aombe na chuo cha karibu, asome Kijerumani kidogo.

Nasi watu wazima tunayo kazi yetu. Katika kila mji tulipo, wahandisi wawili watatu wakae na vijana wanaosubiri kabla Aprili haijafika. Wasome majalada yao, wawaeleze mambo ya ruzuku na viza, na majibu yakija, wayapokee pamoja nao, mabaya kwa mazuri. Mboya hakuwa na chuo cha kuwapa vijana wale. Alichokifanya ni kuwatafutia nauli. Kila kizazi kina nauli yake ya kuchangiana. Ya leo huenda ni kiti kimoja barazani, chai ya maziwa, na mtu mzima anayejua kwamba jibu la chuo ni hesabu ya viti, wala si hukumu ya akili ya mtu.